Usyk na magwiji wa uzito wa juu: tumpime kwa mizani ipi?

Usiku wa Julai 19, 2025, pale Wembley, bondia Daniel Dubois wa Uingereza aliangushwa, akainuka, akaangushwa tena, na raundi ya tano ikawa ya mwisho. Mpinzani wake, Oleksandr Usyk wa Ukraine, akafikisha mapambano 24 bila kupoteza hata moja, 15 kati yake kwa KO, na mikanda yote minne mikubwa ya uzito wa juu ikawa yake kwa mara ya pili. Jasho halijamkauka, ubishi ukawa umeshaanza. Huku wanasema huyu sasa ni wa kutajwa pamoja na Muhammad Ali na Joe Louis. Kule wanajibu kwamba jamaa ana majina matatu tu ya maana, kila moja kalipiga mara mbili, sasa ugwiji unatoka wapi?

Pande zote mbili zina hoja, ila hazibishani juu ya kitu kimoja. Ukiuliza bondia yuko wapi kati ya wakubwa wa nyakati zote, umeuliza maswali matatu kwa mkupuo. La kwanza ni nani angempiga nani kama wangekutana. La pili ni nani alikuwa fundi zaidi. La tatu ni nani alifanya makubwa zaidi: alimpiga nani, lini, katika hali gani, na alikaa juu kwa muda gani. Mtu mmoja anajibu la kwanza, mwenzake anajibu la tatu, na wote wanadhani wanapingana.

Swali la kwanza ni tamu kuliko yote na ndilo lisilo na ushahidi. Tazama wanaume wanne waliopigana wao kwa wao miaka ya sabini. Joe Frazier alimshinda Ali Machi 1971. George Foreman akamwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, Januari 1973. Miezi miwili baadaye Ken Norton akamvunja Ali taya na kumshinda kwa pointi. Foreman akammaliza Norton naye katika raundi mbili, Machi 1974. Kwa hesabu hiyo Ali alipaswa kuzikwa na Foreman kule Kinshasa. Oktoba 30 mwaka huohuo akampiga Foreman kwa KO raundi ya nane. Kama watu wanne wa zama moja, waliogusana kwa ngumi, hawapangiki kwa mnyororo wa fulani kampiga fulani, basi kumpanga Usyk na Louis waliotenganishwa na miaka 70 ni burudani tu. Tufurahie, lakini tusiiite hoja.

Kilo zinadanganya pande zote

Hata hivyo burudani hiyo huleta jambo moja zito, nalo ni miili. Rocky Marciano alipigania ubingwa akiwa na kilo kama 84 au 85. Leo uzito wa kruza, ulio hatua moja chini ya uzito wa juu, una ukomo wa kilo 90.7. Maana yake Marciano asingekuwa bondia wa uzito wa juu kabisa, na Jack Dempsey vilevile. Joe Louis mwenyewe, alipopanda ulingoni dhidi ya Billy Conn mwaka 1941, alikuwa na kilo 90 na nusu hivi. Wanaosema mabondia wa zamani wangepondwa na majitu ya leo huanzia hapo.

Shida ni kwamba hoja ya ukubwa ikivutwa mbele kidogo inakatika. Majitu hayakuanza jana. Mwaka 1919, pale Toledo, Dempsey alikuwa mwepesi kuliko Jess Willard kwa zaidi ya kilo 25 na bado akamwangusha mara saba katika raundi ya kwanza peke yake. Primo Carnera, mwenye kilo karibu 120, alichezea kichapo kwa Max Baer mwaka 1934 na kwa Louis mwaka uliofuata. Na Usyk ndiye ushahidi mkubwa wa siku zetu: Mei 2024 alipanda na kilo 101 hivi dhidi ya Tyson Fury mwenye kilo 119 na urefu wa sentimita 206, akashinda.

Lakini geuza jiwe uone upande wa pili. Usyk huyo tunayemwita mdogo alikuwa mzito kuliko Foreman alivyokuwa Kinshasa. Foreman, yule aliyetisha dunia kwa ukubwa na nguvu, alipima chini kidogo ya kilo 100 usiku ule, na Ali kilo 98. Kwa hiyo sifa ya kupiga watu wakubwa ni kweli kwa Usyk akipimwa na wenzake wa leo. Akipimwa na wa zamani, yeye ndiye mkubwa. Kila bondia apimwe kwa tofauti aliyoikabili siku ile, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya.

Raundi tatu zilizokatwa

Kuna tofauti nyingine ambayo mashabiki huiruka, na kwangu ina uzito kuliko kilo. Mapambano ya ubingwa yalikuwa raundi 15. Novemba 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alifariki siku chache baada ya kupigwa na Ray Mancini katika raundi ya 14. WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa, wakapunguza hadi raundi 12, na wenzao wa WBA na IBF wakafuata kabla muongo haujaisha.

Angalia raundi tatu zile zilivyobeba historia. Juni 18, 1941, Conn, aliyekuwa mwepesi kuliko Louis kwa zaidi ya kilo 10, alikuwa anamzunguka bingwa na kumdokoa kama anavyotaka. Baada ya raundi 12 majaji wawili walimpa Conn uongozi na mmoja alikuwa na sare. Kwa sheria ya leo kengele inalia, Conn ni bingwa mpya, na utawala wa Louis unakatika kabla hajafika utetezi wake wa 20 wa ubingwa. Badala yake Conn alitoka raundi ya 13 akitaka kumaliza kazi kwa KO, Louis akamkamata, na zikiwa zimebaki sekunde mbili raundi ikatike, hesabu ya refa ikamalizika. Septemba 1952, Philadelphia, Marciano aliangushwa raundi ya kwanza na Jersey Joe Walcott, akawa nyuma kwenye kadi zote tatu za majaji, halafu raundi ya 13 akarusha mkono wa kulia mfupi na Walcott akabaki amening'inia kwenye kamba. Kwa raundi 12, Marciano angekuwa amepoteza, na ile rekodi ya mapambano 49 bila doa tunayoiimba isingekuwepo.

Hatuwezi kumlaumu Usyk kwa raundi ambazo hakuwekewa. Ila tunaposema alimaliza akiwa na nguvu dhidi ya Anthony Joshua mwaka 2021, tukumbuke kwamba mwisho wake ni mahali ambapo Louis na Marciano walikuwa bado wana kibarua.

Sifuri ya mwisho kwenye rekodi

24-0. Inavutia machoni, na kwa maoni yangu ndiyo takwimu inayosaidia kidogo kuliko zote. Larry Holmes alifika 48-0, akiwa amebakiza pambano moja kuifikia rekodi ya Marciano, akapoteza kwa Michael Spinks Septemba 1985. Je, Holmes wa 48-0 alikuwa bora kuliko Holmes wa 48-1? Ni mtu yuleyule, na utetezi wake 20 wa ubingwa ulibaki palepale. Lennox Lewis aliangushwa mara mbili na watu aliopaswa kuwapiga, Oliver McCall mwaka 1994 na Hasim Rahman mwaka 2001, akarudi kuwapiga wote wawili, na alipostaafu hakuwa ameacha deni kwa yeyote. Ali alipoteza mara tano. Anayempanga chini ya bondia fulani kwa sababu huyo hajapoteza, huyo anasoma rekodi bila kufungua majina.

Wingi wa utetezi nao una mtego wake. Wladimir Klitschko alishikilia ubingwa kuanzia 2006 hadi 2015, na kwa siku zilizotawaliwa yuko karibu na Louis mwenyewe, aliyekaa kuanzia 1937 hadi 1949 na kutetea mara 25. Mbona basi hakuna ugomvi mkubwa juu ya Klitschko? Kwa sababu ukisoma orodha ya aliowapiga, wengi walikuwa wa kujaza ratiba, mkanda wa WBC kwa miaka mingi ulikuwa kwa kaka yake Vitali, na ndugu hao walikwishaapa kutopigana. Mtu mgumu kuliko wote aliyekuwepo alikuwa anakula naye meza moja. Hilo si kosa lake, lakini ni pengo.

Kwa hiyo tunarudi kwenye swali la tatu. Na hapo kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine: je, aliwapiga waliokuwa bora zaidi wakati wake, wakiwa bado bora?

Maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye mzozo. Marciano alimpiga Louis Oktoba 1951, Louis akiwa na miaka 37 na anapigana kwa sababu ya madeni ya kodi. Holmes alimpiga Ali mwaka 1980, na aliyeliona pambano lile asingependa kuliona tena. Lewis alimpiga Mike Tyson mwaka 2002, miaka 14 baada ya Tyson kummaliza Spinks kwa sekunde 91. Ushindi huo uko kwenye vitabu, jina ni lilelile, thamani sivyo. Linganisha na Ali: alimkuta Foreman akiwa na miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza, 37 kwa KO. Hakuna aliyempunguzia bei.

Waliofungiwa nje

Kipimo cha bora wa wakati wake kina shimo ambalo wanaopenda zama za dhahabu hawapendi kulitaja. Kwa miaka mingi bora hawakuruhusiwa kukutana. Jack Johnson alilazimika kumfuata Tommy Burns hadi Sydney ndipo akapata nafasi ya ubingwa, Desemba 1908. Alipoupoteza mwaka 1915, bondia mweusi mwingine hakuushika hadi Louis, 1937. Katikati hapo Dempsey alikuwa bingwa na Harry Wills, mpinzani mweusi aliyestahili kupita wote, alisubiri hadi akazeeka bila kupewa pambano. Dempsey ni gwiji, sikatai, lakini kwenye orodha yake kuna kiti kitupu. Johnson naye, akiwa bingwa, hakumpa nafasi Sam Langford.

Halafu ikaja siasa ya dunia. Umoja wa Kisovyeti haukuwa na ngumi za kulipwa, na Kuba ilizifuta baada ya mapinduzi. Teófilo Stevenson alitwaa dhahabu za Olimpiki 1972, 1976 na 1980, na hakuwahi kupanda ulingo wa kulipwa. Zama za Ali, Frazier na Foreman zilikuwa nzito kweli, lakini nusu ya dunia ilikuwa nje ya mlango. Usyk alizaliwa Simferopol, Crimea, Januari 1987, nchi ikiwa bado ya Kisovyeti. Angezaliwa miaka 30 kabla, angemaliza na dhahabu yake ya Olimpiki, ile aliyoipata London 2012, na leo tusingekuwa na cha kubishania. Ni jambo la kumpa sifa mtu wa leo: kundi analochujwa nalo ni pana zaidi, hata kama majina yake yanatamkika kwa shida.

Sasa Usyk mwenyewe

Kwanza tutoe yasiyohusika. Katika uzito wa kruza alikusanya mikanda yote minne kufikia Julai 2018, na namna alivyoikusanya inashangaza: Głowacki kule Gdańsk, Huck Berlin, Briedis Riga, Gassiev Moscow, kisha akaitetea dhidi ya Bellew mjini Manchester. Kila mara mpinzani ndiye aliyekuwa nyumbani. Ukitaka kumpanga kati ya mabondia wa uzito wowote, hayo yote yahesabiwe. Ukiandika orodha ya uzito wa juu, yaache. Evander Holyfield naye alitawala kruza kabla ya kupanda, na hatumhesabii.

Kinachobaki ni mapambano manane katika uzito wa juu, kuanzia Oktoba 2019 hadi Julai 2025. Manane! Louis alitetea ubingwa mara saba ndani ya mwaka 1941 peke yake. Ali alitetea mara tano mwaka 1966. Hapo ndipo wapinzani wa Usyk wanapokuwa na haki, na siwezi kuwazunguka: mabondia wa leo wanapigana mara chache, na uchache una faida yake. Unapata miezi ya kumsoma mtu mmoja, mwili unapona, na hatari ya siku mbaya inapungua. Nina shaka Ali angepoteza mara tano kwa ratiba ya leo.

Ila sita kati ya manane hayo ni Joshua, Fury na Dubois, mara mbili kila mmoja, na hao ndio waliokuwa na mikanda au waliotajwa kuwa bora. Hakujificha kwa yeyote. Pambano la kwanza na Fury, Mei 18, 2024, Riyadh, linastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndilo lililomfanya bingwa wa kwanza wa mikanda yote tangu Lewis mwaka 1999, na wa kwanza kabisa tangu mikanda iwe minne.

Usyk ni mashoto. Dhidi ya mtu wa mkono wa kulia anataka mguu wake wa kulia uwe nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani, ili mkono wake wa kushoto upate njia iliyonyooka katikati. Raundi za mwanzo alilipata hilo. Kisha Fury akaanza kumsubiri kwa ngumi za kutokea chini, mwilini na kidevuni, na raundi za katikati zikawa zake. Ya sita ilikuwa mbaya kwa Usyk. Raundi ya nane kushoto kukaanza kupita tena, pua ya Fury ikavuja. Ya tisa Fury akapigwa kona hadi kona, kamba ndizo zilizomshika asianguke, na refa akamhesabia kama aliyeangushwa.

Hesabu ile ndiyo pambano zima. Kadi zilisomwa 115-112 na 114-113 kwa Usyk, 114-113 kwa Fury. Ondoa kuangushwa, mwongezee Fury pointi moja kwa kila jaji: zinakuwa 115-113 kwa Usyk, 114-114, na 115-113 kwa Fury. Ni sare. Umoja wa mikanda uliosubiriwa robo karne ulitundikwa kwenye sekunde chache za raundi ya tisa. Anayesema Usyk alimtawala Fury usiku ule hajasoma kadi, na anayesema aliibiwa Fury hakuitazama raundi ya tisa. Marudiano ya Desemba ndiyo yaliyofuta mabishano: majaji wote watatu 116-112.

Je, Fury alikuwa bado bora? Hapa napunguza kidogo. Miezi saba kabla, Francis Ngannou, aliyekuwa anapigana ngumi za kulipwa kwa mara ya kwanza maishani, alimwangusha. Fury wa 2024 hakuwa yule aliyemvua Klitschko ubingwa mwaka 2015. Joshua naye alikuwa ameshaonja kichapo cha Andy Ruiz mwaka 2019. Upande mwingine Usyk alikuwa na miaka 37 alipompiga Fury, kwa hiyo umri haukuwa upande wake.

Dubois ni mfano wa thamani inayopanda baadaye. Mwaka 2023, kule Wrocław, ushindi ule ulikuwa na doa: raundi ya tano Dubois alimpiga ngumi karibu na mstari wa mkanda, refa akaamua ni chini ya kiuno, kinyume cha sheria, Usyk akapewa muda wa kupumua. Kisha Dubois akamwangusha Joshua hadi KO, Septemba 2024, akiwa na mkanda wa IBF ambao Usyk alilazimika kuuachia mezani wiki chache tu baada ya kumpiga Fury. Usyk alipommaliza Wembley, alimmaliza mtu aliyekuwa kwenye kilele chake, akiwa na miaka 27.

Kwa mizani hiyo, orodha yangu inakuja hivi. Ali na Louis wako peke yao. Baada yao Holmes, Lewis, Foreman, Johnson na Marciano, mpangilio wa ndani mtu aupange atakavyo. Kisha Holyfield, na najua mashabiki wa Usyk watanuna: Holyfield alipoteza mara 10, nyingi akiwa amechoka, lakini alimpiga Riddick Bowe, alimpiga Tyson mara mbili, na orodha yake ni ndefu kupita ya Usyk. Tyson mwenyewe namweka chini yao wote, kwa kuwa magwiji wawili aliokutana nao baada ya Spinks, Holyfield na Lewis, walimshinda.

Kwa nafasi ya tisa wanabaki Usyk na Frazier. Frazier ana ushindi mmoja mkubwa kuliko wowote wa Usyk, ule wa Ali aliyekuwa hajapoteza. Lakini wakati wake alikuwepo Foreman, wakakutana mara mbili, na mara zote mbili Frazier hakufika raundi ya sita. Usyk, tangu atwae ubingwa mwaka 2021 hadi Julai 2025, alikutana na kila mwenye mkanda mkubwa na hakuna aliyemwachia swali. Wa tisa ni Usyk.